Jirani Akitoroka, Faini Yenu: Maswali ya Wasomaji kuhusu Ulinzi wa Vijiji vya Uingereza ya Kale

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mistari michache kwamba Uingereza ya karne ya 13 haikuwa na polisi, na kwamba kila mwanamume kuanzia miaka 12 aliapa mbele ya sherifu, ofisa wa mfalme katika kaunti, na kuingizwa katika kundi la watu waliodhaminiana. Mistari hiyo imeleta barua nyingi. Hapa tunajibu zile zilizouliza mambo ambayo wengi wenu mnataka kuyafahamu.

Mnasema watu walipangwa kumi kumi. Nani aliwapanga, mtu aliingiaje, na mmoja wao akiiba ilikuwaje?
*Mwalimu wa historia, Morogoro*

Mwalimu, utaratibu huo uliitwa frankipleji. Sisi tutauita dhamana ya kumi, maana ndivyo ulivyokuwa. Ulitokana na mambo mawili. La kwanza ni sheria ya Mfalme Cnut, wa mwanzoni mwa karne ya 11, iliyoagiza kila mtu huru aliyetimiza miaka 12 awe ndani ya handredi na ndani ya kundi la kumi, la sivyo sheria isimtetee. Handredi, maana yake mia, ilikuwa sehemu ya kaunti yenye vijiji kadhaa na mahakama yake. La pili ni desturi ya kila mtu kuwa na mdhamini atakayemfikisha mahakamani akihitajika. Wanormani, watu wa Normandy ng'ambo ya bahari, walipoiteka nchi mwaka 1066 walikuta mambo hayo yakienda sambamba, na katika miaka iliyofuata yakaunganishwa: kundi la kumi lenyewe likawa mdhamini wa kila aliyemo. Mwaka 1166 Mfalme Henry II alikaza kamba kwa Amri ya Clarendon, akakataza bwana yeyote kumzuia sherifu asiingie katika ardhi yake kukagua dhamana hizo.

Kijana akifikisha miaka 12 alipelekwa kwenye ukaguzi, akaapa kuwa mwaminifu kwa mfalme, kwamba hatakuwa mwizi wala hatashirikiana na wezi. Jina lake likaongezwa kwenye kumi fulani. Magna Carta ilipotolewa upya mwaka 1217 iliweka kwamba sherifu azungukie handredi mara 2 tu kwa mwaka, baada ya Pasaka na baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba, na ukaguzi wa makumi ufanyike katika mzunguko huo wa pili. Mabwana wengi walikuwa na kibali cha kuufanya wenyewe, na walikipigania sana, kwa sababu ukaguzi uliingiza fedha. Sehemu nyingi kila kichwa kilitoa peni 1, na faini zote za siku hiyo zilibaki kwa bwana.

Kila kumi lilikuwa na mkuu wake. Kule Kent aliitwa borsholda, kwingine aliitwa kwa majina mengine, lakini kazi ilikuwa moja: kusimama kwenye ukaguzi na kutaja kwa kiapo kila kosa lililotokea tangu kikao kilichopita. Nani hakufika, nani amemwaga damu, nani amehamisha jiwe la mpaka, nani amepika pombe akaiuza kwa kipimo cha wizi. Akificha kosa likajulikana, anatozwa yeye na wenzake.

Sasa mmoja akiiba na kutoroka. Kumi lilipaswa kumleta. Maandishi ya sheria ya karne ya 12 yanaeleza kwamba lilipewa siku 31. Likishindwa, mkuu wa kumi alichukua watu 2 walio bora katika kundi lake, kisha akaenda kwenye makumi 3 ya jirani na kuchukua katika kila moja mkuu wake na watu 2. Jumla ni 12. Hao waliapa kwamba kumi halikuhusika na kosa wala na kutoroka. Kama hayo makumi ya jirani yalikataa kuapa, hasara ililipwa kwa mali ya mtoro, na isipotosha, kwa mali ya wale waliobaki. Kufika karne ya 13 mambo yalirahisishwa kwa namna isiyopendeza: majaji wa mfalme walipopita, walitoza kumi faini moja kwa moja kwa kuwa mtu wao hayupo. Mara nyingi ilikuwa nusu maki, yaani shilingi 6 na peni 8. Shilingi ilikuwa na peni 12, na pauni ilikuwa na shilingi 20 (ndiyo maana hata huku kwetu wazee wa Kenya waliendelea kuita shilingi 20 pauni). Nusu maki ni peni 80. Ukigawa kwa watu kumi, kila mmoja anatoa peni 8, na kibarua wa wakati ule alipata peni 1 au 2 kwa siku.

Kuna tahadhari moja kabla hujawafundisha wanafunzi. "Kumi" lilikuwa jina tu katika sehemu nyingi. Kusini na magharibi mwa nchi kumi lingeweza kuwa kijiji kizima, lenye watu 20 au zaidi. Kaskazini kabisa na kwenye mpaka wa Wales utaratibu huu haukuwepo. Tena si kila mtu aliingia: wanawake, mapadri na mashujaa wa farasi walikuwa nje, na mtumishi aliyekula chakula cha bwana wake alidhaminiwa na bwana huyo.

Na mgeni anayelala kwako usiku mmoja?
*Msomaji, Lamu*

Hili litakufurahisha. Waingereza walikuwa na msemo wa kisheria kwamba usiku wa kwanza na wa pili mtu ni mgeni, wa tatu ni wa nyumba hiyo. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao siku ya tatu walimpa mwenyeji kesi: akikosea mgeni, mwenye nyumba anaulizwa kama vile ni mtu wa familia yake. Amri ya Clarendon ilibana zaidi. Mtu asiyejulikana atokako asilazwe popote isipokuwa mjini, na huko mjini usiku mmoja tu, labda awe mgonjwa yeye au farasi wake.

Naomba mnieleze yowe. Nilisoma kwamba mtu asiyelijibu alitozwa faini. Ilikuwa lazima kukimbia hata kama ni mzee? Na nini kilizuia watu kupiga yowe la uongo kumkomoa jirani?
*Askari wa akiba, Kakamega*

Yowe lilikuwa amri ya sheria, na hapo ndipo wengi wanapokosea wakidhani ni desturi ya huruma. Aliyeona kosa, au aliyekuta maiti, au aliyevamiwa, alipaswa papo hapo kupaza sauti au kupiga pembe. Kila aliyesikia aliacha alichokuwa akifanya, akachukua silaha aliyokuwa nayo, akatoka. Wanaume wa miaka 15 hadi 60 ndio waliohesabiwa kuwa na wajibu wa kumiliki silaha, kwa hiyo mzee wa miaka 70 hakutegemewa kukimbia, lakini naye akiwa ndiye aliyeona, alipaswa kulia yowe.

Msako ulifuata nyayo mpaka kwenye mpaka wa kijiji. Hapo haukuishia. Watu wa kijiji cha kwanza waliwakabidhi wa kijiji cha pili yowe na nyayo, na hao wakaendelea, na kadhalika. Hiki ndicho kilichokuwa kiini cha mpango: kijiji kilichothibitisha kwamba kilifukuza mpaka ukingoni na kuwaarifu wa jirani kilikuwa kimejitoa. Kilichosimama katikati kilikuwa kimejifunga. Kwa hiyo mashahidi wa makabidhiano walikuwa na thamani kuliko mbio zenyewe, na msimamizi mwenye akili alihakikisha kwamba watu wawili watatu wa kijiji cha pili wamemwona kwa macho yao.

Aliyekamatwa baada ya kufukuzwa kwa yowe, akiwa na mali ya wizi mkononi au mgongoni, hakuwa na nafasi kubwa ya kujitetea. Mahakama ya handredi, au ya bwana mwenye kibali, iliweza kumnyonga baada ya shauri fupi sana. Aliyekamatwa bila kidhibiti alifungwa na kupelekwa kwa sherifu, na gharama ya kumlinda njiani na usiku ilikuwa juu ya kijiji. Akiponyoka, kijiji kinalipa. Hapo vijiji maskini viliumia: havikuwa na gereza, na mtu aliyefungwa kamba ndani ya ghala la nyasi alipotea kirahisi.

Kuhusu yowe la uongo, dawa ilikuwa nzuri. Kila yowe lililopigwa lilitajwa kwenye ukaguzi uliofuata, bila kusaza, na juri, yaani kundi la wenyeji walioapishwa kusema ukweli, ikasema kama lilipigwa kwa haki au bila haki. Likiwa la haki, faini inaangukia aliyelisababisha. Likiwa bila haki, inamrudia aliyelipiga. Kwa ugomvi wa kawaida ilikuwa peni chache tu. Madaftari ya mahakama za vijiji yamejaa kesi hizi: mume na jirani wamepigana, damu imetoka, mke amelia yowe, mtu katozwa. Wanawake wanaonekana sana humo. Hawakuwa ndani ya kumi, ila sauti zao zilikuwa na nguvu ile ile ya kisheria kuwatoa wanaume wote wa kijiji nje usiku.

Wenye asili ya Shinyanga na Mwanza watakumbuka mwano, yowe la hatari la Wasukuma. Ni jambo la jamii nyingine na lina historia yake, lakini mtu aliyewahi kusikia mwano unavyopokewa kilima hadi kilima ataielewa sheria ya yowe haraka kuliko mwanafunzi wa chuo anayeisoma kitabuni.

Kwa nini mtu wa kijijini aogope kukuta maiti? Si angeripoti tu?
*Mwanafunzi wa sheria, Nairobi*

Hili ndilo swali tulilotamani liulizwe, kwa sababu ndipo dhamana ya pamoja inapoonyesha uso wake halisi.

Mwaka 1194 wafalme walianza kuweka katika kila kaunti wachunguzi wa vifo. Mtu akifa ghafla, au kwa jeraha, au kwa kuzama, au gerezani, mchunguzi lazima aitwe na maiti isubiri. Fikiria hatua zenyewe. Aliyeikuta maiti anapiga yowe. Majirani wanakuja. Mtu anatumwa kwa mchunguzi, ambaye huenda yuko safari ya siku nzima au zaidi. Maiti hairuhusiwi kuzikwa wala kusogezwa, hata kama ni Julai na joto limeanza kazi yake, kwa hiyo watu wanailinda usiku na mchana. Mchunguzi anafika na karani. Maiti inavuliwa nguo hadharani, kila jeraha linapimwa urefu, upana na kina. Juri inasimamishwa: watu wa vijiji vinne vya karibu pamoja na watu 12 wa handredi. Wanaapa, wanasema nani kaua, kwa silaha gani, amekimbilia wapi, ana mali kiasi gani.

Aliyeikuta maiti anatakiwa kutoa wadhamini, kwa kawaida wawili, kwamba atafika mbele ya majaji watakapokuja. Majirani wa karibu pia. Na majaji hao wa mzunguko walikuja lini? Kwa nadharia kila miaka 7, na mara nyingine zaidi. Mtu angeweza kukuta maiti shambani akiwa na miaka 20, akaitwa kuieleza akiwa na 28. Akikosa kufika, wadhamini wake wanatozwa.

Kila hatua kati ya hizo ina mtego. Mmezika kabla ya mchunguzi: faini kwa kijiji. Mmeihamisha: faini. Hamkupiga yowe: faini. Hamkumkamata mwuaji ingawa ilikuwa mchana kweupe: faini. Kijiji kimoja kati ya vinne hakikutuma watu wa kutosha: faini kwake. Sheria ya Marlborough ya mwaka 1267 iliwaonea huruma wanavijiji, ikasema wasitozwe kwa sababu tu si kila mtu wa miaka 12 na zaidi alifika kwenye uchunguzi. Kisha ikaondoa vifo katika huruma hiyo. Kwenye kifo, wote walipaswa kufika.

Juu ya hayo kulikuwa na kitu kilichoua. Gari la ng'ombe likimwangukia mtu, au farasi akimpiga teke, au gurudumu la kinu likimvuta, kitu hicho kilithaminiwa na thamani yake ikawa ya mfalme. Juri ya kijiji ilijua hivyo, na ilijua pia kwamba farasi huyo ni wa mjane fulani, kwa hiyo makadirio ya bei yalikuwa ya chini, wakati mwingine chini mno. Kijiji kilibebeshwa jukumu la kuitoa thamani hiyo majaji watakapokuja. Desturi hii iliishi mpaka mwaka 1846, wakati ajali za reli zilipoanza kuifanya kuwa ghali kwa makampuni.

Bado kulikuwa na mtego mbaya kuliko yote. Majaji walipofika, kwanza walimnyang'anya mchunguzi daftari lake. Kisha wakaita juri ya handredi ieleze kwa kiapo vifo vyote vilivyotokea tangu mara ya mwisho. Juri inasema kutoka kichwani, jaji anafuatilia kwenye daftari. Wakitofautiana, kwa jina la aliyekuta maiti, kwa bei ya gari, kwa kusahau kifo kimoja cha miaka 6 iliyopita, wanatozwa. Ndiyo maana handredi zilizojifunza kutokana na maumivu zilianza kuandikisha kumbukumbu zao.

Sasa rudi kwa mtu peke yake kwenye ukingo wa shamba, alfajiri, mbele ya maiti ya mpita njia asiyemjua. Zingatia pia kwamba tangu enzi za William wa Kwanza, mfalme wa Wanormani walioiteka nchi, mtu aliyeuawa alihesabiwa Mnormani mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kama mwuaji hakupatikana, handredi nzima ililipa faini maalumu. Maandishi ya karne ya 12 yanaitaja kuwa maki 46, ambayo ni zaidi ya pauni 30. Njia ya kuikwepa ilikuwa kuleta ndugu wa marehemu waape kwamba ni Mwingereza. Mpita njia hana ndugu hapo. Baadaye kiasi kilipungua na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1340, lakini kwa zaidi ya miaka 250 ilimpa kila mwanakijiji sababu ya kutamani kwamba marehemu angefia upande wa pili wa kijito. Madaftari yanaonyesha wazi kwamba maiti zilihamishwa usiku, na kwamba wengine walipita njia nyingine wakijifanya hawakuona. Tusiwalaumu upesi. Sheria ndiyo iliyomfanya marehemu awe mzigo.

Wachunguzi nao walidai chochote ndipo waje kuitazama maiti, hata Sheria ya Westminster ya mwaka 1275 ikalazimika kuwakataza kwa maneno. Madaftari yao ya zamani zaidi yaliyobaki ni ya Bedfordshire, kuanzia mwaka 1265. Wewe unayesoma sheria, yatafute. Hakuna maandishi mengine ya wakati ule yanayokuonyesha mtu wa kawaida kwa karibu namna hiyo: alikuwa anakwenda wapi, amebeba nini, nani alimwona mwisho.

Ni kweli serikali iliwalazimisha raia wawe na silaha?
*Msomaji, Muscat*

Kweli kabisa, na kwa viwango vilivyopangwa kwa mali ya mtu. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, ya Edward I, inaanza kwa malalamiko ya wazi: watu wa juri wanaona heri mgeni aibiwe na mwizi aende zake kuliko kumtaja mwizi ambaye ni mwenzao wa eneo hilo. Kwa hiyo dawa ikawa kuwagusa mfukoni. Wezi wasipopatikana kwa muda uliowekwa, handredi nzima ilipe hasara ya aliyeibiwa.

Mwenye ardhi ya pauni 15 kwa mwaka au mali ya maki 40 alitakiwa awe na vazi la minyororo ya chuma, kofia ya chuma, upanga, kisu na farasi. Wa pauni 10, vivyo hivyo lakini vazi fupi na bila farasi. Wa pauni 5, koti nene lililojazwa pamba au matambara, kofia ya chuma, upanga na kisu. Kati ya shilingi 40 na 100, upanga, upinde, mishale na kisu. Maskini zaidi walileta silaha ndogo na visu, na wengine wote upinde na mishale. Konstebo 2 wa kila handredi walizikagua mara 2 kwa mwaka.

Zamu za usiku zilikuwa kuanzia Sikukuu ya Kupaa, kipindi cha Mei, hadi ile ya Mtakatifu Mikaeli, tangu jua kuzama hadi kuchomoza: watu 6 kwenye kila lango la jiji, 12 katika kila mji mdogo wenye hadhi yake, 6 au 4 katika kila kijiji kulingana na wingi wa wakazi. Mgeni aliyepita usiku alizuiliwa mpaka asubuhi. Akikataa kusimama, yowe.

Barabara kati ya miji yenye masoko zilipaswa kufyekwa futi 200 kila upande, pasiwe na kichaka wala mtaro wa mtu kujificha. Mialoni na miti mikubwa iliachwa, ilimradi chini yake pawe peupe. Mwenye ardhi asiyefyeka, wizi ukitokea hapo, anaulizwa yeye.

Mhalifu akikimbilia kanisani?
*Msomaji, Bukavu*

Alipewa hadi siku 40, na kijiji kikalizunguka kanisa kumlinda asitoke, kwa zamu, mchana na usiku, katika msimu wa mavuno au wa baridi. Akitoroka, mnajua nani alilipa. Mchunguzi wa vifo alikuja, mhalifu akakiri, akaapa kuihama nchi milele. Alitajiwa bandari, labda Dover, akapewa msalaba wa mti, akatembea katika njia kuu bila kuiacha. Mali yake ilikuwa ya mfalme. Asipokuta chombo bandarini aliingia baharini kila siku mpaka magotini kuonyesha kwamba yuko tayari kwenda. Akionekana nje ya njia kuu, angeweza kuuawa kama mtu aliyetolewa nje ya sheria. Wengi walitupa msalaba kwenye kona ya kwanza.

Je, utaratibu huu ulifanya kazi? Nauliza kama mtu aliyewahi kuwa mjumbe wa mtaa.
*Msomaji, Tanga*

Ukiuliza kama uliwakamata wauaji, jibu ni kwa nadra. Katika madaftari ya majaji wa mzunguko waliotoroka ni wengi kuliko walionyongwa. Mtoro aliitwa kwenye mahakama ya kaunti kikao baada ya kikao, asipotokea akatangazwa kuwa nje ya sheria, na mfalme akachukua mali yake. Mwanamke hakutangazwa kwa neno hilo, kwa kuwa hakuwahi kuapishwa kuingia ndani ya sheria. Aliitwa "aliyeachwa", ila matokeo yalikuwa yale yale.

Kilichoharibu mpango ni kwamba wenye kukosea zaidi hawakuwa ndani yake. Kibarua wa kuhamahama, askari aliyerudi vitani, mtoro wa kaunti nyingine, hao hawakuapa popote. Daftari linaandika: "hakuwa katika kumi, alipokelewa katika kijiji fulani." Basi kumi linapona, kijiji kinatozwa. Mfalme hakukosa.

Lakini ukiuliza kama uliwafanya watu wajuane, wahesabiane, wasimamie mipaka, mitaro, vipimo vya pombe na mikate, hapo uliweza sana. Norwich iligawanywa sehemu 4, na katika kila kitongoji wakuu wa makumi wasiopungua 12 walisimama kutaja makosa. Karibu kila mpika pombe alitozwa kila mwaka, mpaka faini ile ikawa kama leseni. Kwa maoni yetu nguvu ya dhamana ya kumi ilikuwa katika mambo haya madogo, ambayo jirani anayajua kweli na adhabu yake haimfukarishi. Ilipotumiwa kumkamata mwuaji mwenye silaha, iliwageuza watu wema kuwa wadaiwa.

Tauni ya 1348 na 1349 iliyavunja makumi. Katika vijiji vya Essex peni zile za kila kichwa ziliandikwa mwaka hadi mwaka, na watafiti huzitumia kuhesabu wanaume walivyopungua. Mwaka 1361 kazi kubwa ilihamia kwa mahakimu wa amani. Ukaguzi uliendelea vijijini kwa mazoea kwa karne nyingi, na wajibu wa handredi kulipia wizi wa barabarani uliondolewa mwaka 1827 tu.

Basi Nyumba Kumi yetu imetoka huko?
*Wasomaji watatu: Dodoma, Nakuru, Kigali*

Hapana. Balozi wa nyumba kumi alianza miaka ya 1960 kama kiungo cha TANU, chama kikitaka kufika mlangoni mwa mwanachama. Kenya iliitangaza Nyumba Kumi yake mwaka 2013, ikitazama Tanzania. Kufanana kwa namba kusikudanganye, kwa sababu balozi hatozwi faini jirani yake akiiba.

Urithi halisi wa Kiingereza upo mahali pengine. Mwaka 1909 Kenya, ikiwa bado Himaya ya Afrika Mashariki, iliwekewa Sheria ya Adhabu ya Pamoja, na kwa sheria za namna hiyo jamii nzima zilitozwa mifugo kwa kosa la watu wachache. Wazo ni lile lile la handredi nzima kutozwa. Ila waliozitunga waliacha nusu ya mpango. Mwanakijiji wa Bedfordshire alibeba faini, lakini alibeba pia kiapo: ndiye aliyekaa kwenye juri, ndiye aliyesema yowe lilikuwa la haki au la, ndiye aliyekadiria bei ya farasi wa mjane. Mkikuyu au Mnandi aliyetozwa ng'ombe hakuulizwa lolote. Alisomewa amri, kisha zizi likahesabiwa.

Ninaishi Leicester. Madaftari haya yanaonekana wapi?
*Msomaji*

Ya majaji wa mzunguko na ya wachunguzi wa vifo yapo kwenye Hifadhi ya Taifa, Kew, kusini magharibi mwa London. Ya mahakama za vijiji yametawanyika katika hifadhi za kaunti, na ile ya Essex iliyopo Chelmsford ina mengi. Yameandikwa kwa Kilatini cha mkato juu ya ngozi, kwa hiyo anza na yaliyotafsiriwa na kuchapwa na vyama vya historia vya kaunti. Ukifungua la vifo, tazama kwanza pembezoni mwa ukurasa. Hapo karani aliandika kwa ufupi nani anadaiwa, ili mhasibu wa mfalme asihangaike kusoma habari ya marehemu.